Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Afya Mombasa: Vijana Wanakuja, Tatizo Ni Tunavyowapokea

Kwa wakuu wa afya, elimu na vijana,
Kaunti ya Mombasa.

KUH: VIKWAZO VINAVYOWAZUIA VIJANA WA SHULE KUPATA HUDUMA YA AFYA YA AKILI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kutwa upande wa Kisauni. Nafundisha Kiswahili na historia, na juu ya hayo nimekabidhiwa kazi ya ushauri nasaha. Shule yangu sitaitaja, wala zahanati nitakazozieleza humu, kwa kuwa sina haja ya kumuaibisha nesi fulani au mwalimu mkuu fulani. Niliwaandikia kimyakimya kabla ya leo. Barua zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na nakala ninazo kwenye faili. Majibu sikupata. Nilipofuatilia kwa miguu niliambiwa faili iko kwa mkubwa, na mkubwa yuko mkutanoni. Ndipo nikaona niandike hadharani, wazazi nao wasome.

Kila afya ya akili ya vijana inapozungumzwa mjini hapa, husemwa kwamba vijana wanaona haya, hawana habari, wahamasishwe. Basi hupangwa kongamano, zikachapishwa tisheti, hema likafungwa uwanjani. Tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, twapiga picha na kwenda zetu. Mimi nawaambia vijana wanakuja. Wanabisha hodi kwenye stoo ninayoitumia kama ofisi, wengine kwa kisingizio cha kuazima kamusi, wakasimama pale wakiipekua bila kusoma kitu hadi wenzao waondoke. Ile haya mnayoitaja wameshaishinda wakati huo. Kinachowarudisha nyuma ni yale wanayokutana nayo baada ya kusema, "Mwalimu, siko sawa."

Wala si jambo la watoto wachache wa Kisauni. Utafiti wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2022, ulikuta kwamba asilimia 44.3 ya Wakenya wa umri wa miaka 10 hadi 17 walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, na asilimia 12.2 walifikia kiwango cha kuitwa wagonjwa. Waliopata huduma ya aina yoyote, hata ya kuzungumza na mwalimu, walikuwa kama 1 kati ya 10. Shirika la Afya Duniani nalo lasema theluthi moja ya maradhi ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka 14, na nusu kabla hajatimiza 18. Kwa hivyo tunazungumzia watoto wa gredi ya nane na ya tisa, tukiwa na huduma iliyopangwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye kitambulisho, nauli na nafasi ya asubuhi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kliniki hufunguliwa mwanafunzi akiwa darasani. Huduma ya akili, pale inapopatikana, ni ya asubuhi, siku za kazi, na mara nyingi si kila siku ya wiki. Mwanafunzi wa kutwa huingia getini kabla ya saa mbili na kutoka saa kumi na kitu. Ili aende, sharti aandikiwe karatasi ya ruhusa. Karatasi ile ina nafasi ya jina, kidato, saa na sababu. Hupitia kwa mwalimu wa darasa, ikaenda kwa naibu wa mwalimu mkuu, kisha askari wa geti huisoma kwa sauti huku akiinakili kwenye kitabu chake, na nyuma yake wenzake wamepanga foleni wakingoja kwenda kwa daktari wa meno. Wengi huandikiwa "kichwa", na kila mtu pale getini ajua kichwa hicho ni cha namna gani.

2. Siri haitunzwi. Hili ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo la bei rahisi zaidi kulirekebisha.

Nilimsindikiza msichana wa kidato cha tatu kwenye zahanati moja. Dirisha la mapokezi linatazamana na mabenchi ya kina mama waliowaleta watoto kupimwa uzani. Karani akauliza, "Huyu ana nini?" Nikainama dirishani nikamweleza polepole. Akageuka akamwita mwenzake wa chumba cha pili: "Yule wa mambo ya akili leo yupo?" Mabenchi yote yakatutazama. Mmoja wa wale kina mama ni jirani yao, mlango wa tatu. Karani yule hakuwa na nia mbaya, na hata alituhurumia akatuambia tukae kivulini. Lakini Kisauni hii, Waheshimiwa, habari hufika nyumbani kabla mwenyewe hajashuka kwenye tuktuk.

Kisha kuna daftari. Zahanati zetu nyingi humtaka mgonjwa anunue daftari dukani, daktari aandike humo, na mgonjwa arudi nalo nyumbani. Kwa malaria au kikohozi halina neno. Sasa mtoto anayelala chumba kimoja na ndugu zake, begi moja wanapokezana, daftari lililoandikwa mambo yake ya ndani ataliweka wapi? Msichana yule aliniomba nimhifadhie. Liko kwenye kabati langu, chini ya karatasi za mtihani wa majaribio, mahali ambapo rekodi ya hospitali haina kazi ya kuwa. Na siku atakayougua nami nikiwa likizo, daktari ataanza naye upya.

3. Ridhaa ya mzazi haina mwongozo, kila kituo kina yake. Sitaki mnifahamu vibaya. Mtoto ni wa mzazi wake, na mtoto wa chini ya miaka 18 hutibiwa kwa ridhaa ya mzazi au mlezi. Sipendekezi tuwafiche wazazi matibabu ya watoto wao. Ninachouliza ni hiki: muhudumu wa afya aruhusiwe kufanya nini katika mazungumzo ya kwanza, kabla mzazi hajafika? Kituo kimoja humsikiliza kijana kisha humwambia amlete mzazi safari ijayo. Kingine humrudisha kutoka dirishani, hata jina haliandikwi.

Na mzazi mwenyewe yuko wapi? Mombasa hii ni wangapi wenye mama Saudia au Qatar, kaenda kufanya kazi za nyumbani, baba hajulikani alipo, na mtoto analelewa na bibi au shangazi asiye na karatasi yoyote ya mahakama? Bima ya afya ya serikali, SHA, imeandikishwa kwa jina la mama. Mama akipigiwa simu ataitika usiku, tajiri wake akishalala. Nimeona shangazi akikataliwa kutia sahihi kwa kuwa "si mzazi", na ni yeye aliyemlea yule kijana tangu hajaota meno. Halafu kuna yale ambayo sote twayajua na hatuyasemi, pale anayetakiwa kutia sahihi ndiye anayempiga mtoto, au zaidi ya kumpiga. Hapo nesi ampigie nani? Afisa wa watoto wa kaunti ndogo? Kwa utaratibu gani, na nani amemfundisha nesi utaratibu huo?

4. Mwalimu wa ushauri nasaha ndiye huyo huyo mwalimu wa nidhamu. Si shuleni kwangu peke yake. Mwalimu ana vipindi vyake kamili vya kufundisha, ana zamu, ana mitihani ya kusahihisha, kisha jina lake linabandikwa mlangoni kwamba yeye ni mshauri. Jumatatu amwambie kijana, "Nifungulie moyo, hapa hapana ubaya." Jumatano akae kwenye kamati inayomsimamisha masomo kijana huyo kwa kukutwa na muguka, aina ya miraa, mfukoni. Kijana gani mwenye akili timamu atamweleza mtu huyu kwamba anatafuna ili apate kukaa macho, kwa kuwa akilala huota yale yaliyompata? Na chumba cha ushauri ni stoo ya mipira na mifagio. Nikisikia nyayo nje, twageuza mazungumzo tukazungumzia insha.

5. Umbali. Watu wengi wa Pwani wakisikia ugonjwa wa akili huwaza hospitali ya Port Reitz kule Changamwe, kwa kuwa ndiko kuliko na wodi ya wagonjwa wa akili kwa miaka mingi. Kijana wa Likoni huvuka feri bure, ni kweli, lakini ng'ambo nauli yaanza. Wa Kisauni apite daraja la Nyali, akate kisiwa kizima, atokee Makupa ndipo aelekee Changamwe, matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na jina la kule anakopelekwa kila mtu mtaani hulifahamu vingine. Huduma ya mwanzo, ya kuzungumza na kupimwa, haina sababu ya kuwa mbali hivyo.

6. Hofu ya polisi. Kwa miaka mingi Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Habari hii haijafika kwenye mabenchi ya dharura. Bado nasikia familia zikiulizwa kama wamepitia kituo cha polisi kwanza. Bado wazazi humficha mtoto aliyeponea chupuchupu, wakamtibu kwa maziwa nyumbani, kwa kuogopa pingu. Waraka wa ukurasa mmoja ungetosha kuondoa hofu hii, na sijauona.

Najua mtanijibu nini, maana baadhi ya majibu nimeshapewa kwenye korido.

Mtasema pesa hakuna. Karani akifunzwa kuuliza kwa kikaratasi badala ya kwa sauti, pesa ngapi? Mabenchi yakageuzwa yatazame upande wa pili? Daftari libaki kabatini mwa kliniki? Mengi niliyoandika hapa hayahitaji mfadhili.

Mtasema wataalamu ni wachache. Ni kweli, madaktari wa akili nchini ni wachache na wengi wako Nairobi. Lakini si kila kijana anahitaji daktari wa akili. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa mhGAP tangu 2008, wa kuwafunza manesi na maafisa wa kliniki wa kawaida kutambua na kutibu maradhi haya, na Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoutumia. Tena kuna utafiti uliofanywa papa hapa Kenya, kwa wanafunzi 413 wa sekondari za Nairobi na Kiambu, ukachapishwa mwaka 2021. Vijana waliomaliza kidato cha nne, wasio na digrii yoyote, walifunzwa kuendesha vipindi vinne vya vikundi wanavyoviita Shamiri. Dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua kwa wanafunzi wale kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Vijana waliomaliza kidato cha nne wasio na kazi, Mombasa tunao wa kutosha. Wamejaa maskani.

Mtasema sekondari si zenu, ni za serikali kuu. Katiba yasema hivyo, nami nimeisoma. Lakini afya ni yenu chini ya Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo, na mtoto haachi kuwa na afya akiingia getini. Chanjo ya HPV, ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi, ilipoanzishwa nchini mwaka 2019 ilizinduliwa hapa hapa Mombasa, na manesi wa kaunti waliingia shuleni bila mtu kuuliza geti ni la nani. Muguka, vilevile: Mei 2024 kaunti ilitoa amri ya kuipiga marufuku. Kesi ikaenda mahakamani, na mjadala ule siuingilii. Ninachosema ni kwamba mkilitaka jambo, kalamu yenu huenda haraka.

Na wengine mtasema kikwazo ni jamii yenyewe, majini na waganga. Hapo naomba nitofautiane nanyi. Ni kweli mtoto akianza kujitenga au kupiga kelele usiku, nyumba nyingi zitamwita ustadhi kabla ya daktari, na nyumba za Kikristo zitampeleka kuombewa. Lakini nimewahi kukaa na maalimu mmoja wa mtaani kwetu aliyemsomea kijana, kisha akamwambia mama yake wazi: "Kisomo tutaendelea nacho, na kesho asubuhi mpeleke hospitali, haya mawili hayagombani." Mama akampeleka. Hospitalini akaulizwa kwa kejeli kama ameshamaliza na waganga wake. Hakurudi tena. Sasa niambieni aliyemzuia mtoto yule ni maalimu?

Tunaomba nini, basi.

Kwanza, kliniki ya vijana ya saa za jioni, walau siku moja kwa wiki kuanzia saa kumi hadi saa moja usiku, na Jumamosi asubuhi, katika kituo kimoja cha kila kaunti ndogo: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Isiandikwe "akili" mlangoni. Iwe chumba cha afya ya vijana, ambapo anayekuja kwa chunusi na anayekuja kwa kukosa usingizi mwezi mzima hukaa benchi moja.

Pili, rekodi za kijana zibaki kituoni, na mapokezi yasitaje sababu ya mtu kuja mbele ya watu. Hili lianze mwezi huu. Sioni linangoja nini.

Tatu, mwongozo ulioandikwa, ukabandikwa kila kituo, kuhusu ridhaa: mazungumzo ya kwanza yanaruhusiwaje, nani anahesabiwa mlezi mzazi akiwa ng'ambo, na afisa wa watoto huitwa lini na kwa namba gani. Andikeni kwa Kiswahili. Shangazi naye ausome.

Nne, waraka kwa vituo vyote kuhusu ile hukumu ya Januari 2025, kwamba anayeletwa baada ya kujaribu kujidhuru ni mgonjwa, atibiwe, na asiulizwe karatasi ya polisi kama sharti la kutibiwa.

Tano, kaeni na wakuu wa elimu wa serikali kuu mkubaliane kwamba mwalimu wa ushauri nasaha asikae kwenye kamati ya nidhamu, apunguziwe vipindi, na apewe chumba chenye mlango unaofungika. Kwa stoo yangu, hata komeo ningeshukuru.

Sita, wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mabegi na simu mwaka 2023 wafunzwe maswali machache ya kumuuliza kijana, na wapi pa kumpeleka. Wao ndio wanaoingia majumbani, na bibi wa Kisauni humfungulia mlango muhudumu wa mtaa wake asiyemfungulia mwalimu.

Kijana ambaye barua hii imekufikia na huwezi kungoja wakubwa wajibu: namba 116 ya watoto na 1199 ya Msalaba Mwekundu ni za bure kupiga. Kama simu ni ya mama, omba ya mwalimu unayemwamini. Kama leo hali ni mbaya, usikae peke yako, mwambie mtu aliye karibu akupeleke hospitali iliyo jirani.

Nikirudi kwenu, Waheshimiwa, naomba majibu ya maandishi kwa maswali matatu. Sheria ya Afya ya Akili ilivyorekebishwa mwaka 2022 yaagiza kila kaunti iwe na Baraza la Afya ya Akili: la Mombasa limeundwa, na nani wamo? Katika bajeti ya mwaka huu wa fedha, fungu la afya ya akili ya vijana ni shilingi ngapi, na zimetumika ngapi? Ni vituo vingapi vya kaunti vina angalau muhudumu mmoja aliyepata mafunzo ya kuwahudumia vijana wenye matatizo haya, na ni vituo gani?

Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inawapa siku 21 kujibu. Zikipita, nitawasilisha ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti kama Kifungu cha 37 cha Katiba kinavyoniruhusu, na wazazi kadhaa wamekubali kutia sahihi pamoja nami. Kabla ya hapo, mkiniita nizungumze nanyi nitakuja. Nitashukuru tu kikao kiwe baada ya saa kumi, kwa kuwa asubuhi niko darasani.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa ushauri nasaha,
Kisauni, Mombasa.

Nakala:
Kamati ya Afya, Bunge la Kaunti
Afisa wa watoto, kaunti ndogo ya Kisauni
Wazazi na walezi